Uzito wa Nyuma

Boti ilikuwa inainua pua, na Basile hakuelewa kwa nini. Alikuwa peke yake ndani, tena mwembamba, na maji ya ziwa pale Kalundu yalikuwa yametulia. Injini alikwisha kuifunga ipasavyo: kile kibamba cha juu ya panga la kusukuma maji kilikaa sawa na sakafu ya boti, si chini kikakokota maji, si juu panga likameza hewa. Akahamisha pini ya kuinamishia injini, akaivuta injini karibu na ubao wa nyuma ili pua ishuke. Wapi! Ikapanda vilevile, kama iliyobebeshwa gunia la mchele nyuma.

Boti yenyewe shemeji yake aliiokota ikielea bila mtu, na hakuna aliyekuja kuidai. Mtu mwingine angeiogopa. Lakini mafuriko yalikuwa yamekata barabara, na Honorine, mkewe, alikuwa kijijini Makobola kwa mama yake, siku zake zimetimia. Watoto wote wa mimba za kabla ya hii waliwazika. Basile alitaka boti ya kumleta hospitali, basi.

Kwa mazoea ya kubeba abiria, akafoka bila kufikiri: "Weye wa nyuma, songa mbele!"

Boti ikayumba kama inavyoyumba mtu anapovuka benchi, harufu ya matope ya kilindini ikampita puani, pua ikashuka taratibu ikalala sawa, na pale kwenye benchi la mbele, ambalo jua lilikuwa limelikausha tangu asubuhi, pakalowa mahali pa kukaa mtu mmoja.

Alirudi ufukweni, akamwita Mama Élisabeth, yule wa kikundi cha sala anayejulikana kwa kutoa mapepo. Mama aliingia majini hadi magotini, akamwaga chumvi, akaomba mpaka sauti ikakauka. Boti ikainuka kidogo, kama iliyotuliwa mzigo.

"Imetoka," alinong'ona. "Lakini ulimutuma, akatii. Sasa anajua sauti yako. Muntu wako umuite na jina kwanza, Basile. Ukisema tu 'songa', atazani ni yeye."

"Na kama nitasahau, Mama?"

"Usisahau, mwanangu."

Akajaribu tena, pua ikakaa vizuri. Akaenda Makobola moyo mweupe.

Wakati wa kurudi, Honorine alilala kwenye godoro, kichwa karibu na miguu ya Basile, macho kayafumba, uchungu ukija na kwenda. Upepo ukashuka kutoka milimani. Pua ikapanda kwa ule uzito wa nyuma, mawimbi yakaanza kuruka juu ya ubao wa nyuma, maji yakalifikia godoro, na Basile, akiona mtoto na mama wanamponyoka kwa pamoja, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Songa mbele!"

Honorine hakusogea hata kidogo.

Boti ikayumba. Ile harufu ikapita. Pua ikashuka, ikakata mawimbi kwa utulivu, na injini ikaimba vizuri kuliko siku zote. Hapo ndipo Basile akakumbuka kwamba hakulitaja jina.

"Aksanti, bwana yangu," Honorine alisema polepole, bado kafumba macho. "Mukono yako iko baridi muzuri. Uache tu hapo ku tumbo."

Mikono yote miwili ya Basile ilikuwa imeshika injini.