Kiti cha Denny

Saa 2:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la chambo kilinuka minyoo na kahawa iliyoungua. Royce Haugen alisogeza makopo ya minyoo, akatandaza ramani ya uwanja wa maonyesho ya ndege juu ya friji. Hakumkaribisha mtu kukaa.

"Ukumbi wa tatu, meza ya katikati," alisema. "Kiboksi cheusi, ukubwa wa mkate. Hicho tu. Atakayegusa kingine namwacha hapohapo."

Walikuwa watatu. Royce, rubani, mwenye ndege na mwenye mpango. Marlys Kubiak, aliyefunga vifaa vya ndege karakanani miaka kumi na mmoja mpaka walipomfukuza. Na kaka yake Denny, jitu lenye kipara na tatoo ya shoka shingoni, lililotoka jela ya Waupun mwezi wa tatu. Hakimu alimwambia Denny maneno machache tu: kosa moja tena, hutoki.

Kiboksi kilikuwa kipya mwaka huo. Rubani akizimia angani, kinaishika ndege, kinautafuta uwanja, kinatua chenyewe. Cha maonyesho kilikuwa kimoja, na madukani hakijafika. Kuna mtu wa Texas alitaka kukipasua aone ndani kukoje.

Royce aliburuta kidole kwenye ramani. Saa nane na robo uwanja unafungwa, michezo ya angani inaanza, hakuna ndege inayoruka mpaka jioni. Mageti yote yana askari, na wizi ukijulikana watapekua kila mfuko. Kwa hiyo mzigo unatoka kwa juu, kabla ya saa nane na robo. Ndege yake ni ya zamani. Viti viwili, cha mbele na cha nyuma. Mmoja wao atabaki chini na kutoka kwa miguu, mikono mitupu.

"Cha nyuma ni cha Denny," Marlys alisema.

Royce alimweleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Mtu wa Texas anataka kiboksi na anamtaka fundi wa kukifungua. Fundi ni Marlys. Denny atafungua nini, chupa za bia?

Marlys alisubiri amalize. Kisha akasema yeye polisi hawamjui, atatoka na umati kama mama yeyote, na Texas ataifuata kwa basi. Denny akishikwa ndio mwisho wake. Bila kiti cha Denny, Royce akatafute mikono mingine.

Royce alikunja ramani.

"Haya, dada. Ana kiti."

Denny akauliza kama huko juu wanagawa chakula. Akacheka peke yake.

Saa 7:05 mchana.

Ndege zilijaa majanini mpaka macho yanachoka. Chini ya kila bawa kulikuwa na hema, na mbele ya hema mzee anasugua bati lake kwa kitambaa. Mtu huacha kamera juu ya bawa asubuhi, jioni akaikuta. Royce hilo lilimchekesha sana. Alisema hawa ni kondoo waliojinyoa wenyewe. Kisha akasema anakwenda kununua oili, wakutane kwenye ndege.

Denny alivaa kizibao cha rangi ya chungwa, cha wajitoleaji. Kigari cha umeme cha walinzi alikikuta nje ya choo, funguo ndani, redio yao ya upepo imening'inia kwenye usukani. Njiani alisimama mara moja kununua jibini ya kukaanga.

"Kaka, tuko kazini," Marlys alimwambia.

"Ndiyo maana nina njaa."

Saa 7:34.

Meza ya katikati ilikuwa ya Verne Lindqvist, mzee mwembamba mwenye suruali ya kanda za mabegani. Alikuwa ameunda sehemu ya mbele ya ndege kwa mbao, na kioo kipana kikionyesha milima ambayo haipo. Watu walimzunguka. Aliwaonyesha kitufe chekundu, akajifanya kazimia, ulimi nje. Watoto wakapiga makofi.

Marlys aliuliza kama anaweza kukaa.

"Kaa, mwanangu. Gusa chochote. Ukivunja, nitajua pa kurekebisha."

Saa 7:38 Denny aliingia na kizibao chake, akamwambia mzee kwamba gari lake nje limeziba njia ya zimamoto. Verne hakuuliza kitu. Aliomba radhi kwa kila aliyekuwa amesimama pale, hata kwa Denny, akamfuata. Umati ukasambaa kwenda meza nyingine.

Marlys alitoa ufunguo mdogo wa pembe sita kwenye soksi. Vifaa hivi hukaa kwenye tundu lake kwa skrubu moja tu. Anayejua ilipo hahitaji nguvu. Mizunguko mitano. Kiboksi kikateleza nje, bado cha moto. Milima kwenye kioo ikazimika. Alikitia ndani ya mfuko wa vipeperushi, akatoka mlango wa nyuma.

Saa 7:41.

Akakaa kwenye kigari kumsubiri Denny. Redio ikakohoa.

Sauti ya mwanamke ilirudia taarifa iliyopokelewa saa saba na dakika ishirini. Wizi umetokea ukumbi wa tatu. Mwizi ni Dennis Kubiak, kipara, tatoo ya shoka shingoni, kizibao cha wajitoleaji, mfungwa wa zamani wa Waupun.

Marlys alitazama saa yake. Kiboksi kilikuwa mfukoni mwake dakika haijapita. Taarifa ilikuwa na dakika ishirini na moja. Kuna mtu aliyeutangaza wizi kabla haujafanyika, na jina la Denny alikuwa nalo kamili.

Watu watatu tu duniani waliujua mpango. Wawili ni watoto wa mama mmoja.

Denny alitokea kwenye kona, anafuta mafuta midomoni. Nyuma yake askari wawili walikuwa wanakuja mbio. Aliwaona machoni mwa dada yake kabla hajageuka. Hakukimbia. Hata mkono hakuinua. Aliacha kumtazama, akageukia upande mwingine kabisa, kwenye vibanda vya soseji, akitembea polepole ili wamfuate.

Walimwangusha mbele ya foleni ya watu wanaokula. Mmoja alimkanyaga shingo. Walimpekua, wakakuta pakiti ya jibini. Mtu mmoja kwenye foleni alipiga picha, kisha akaendelea kutafuna.

Marlys aliondoa kigari.

Saa 8:03.

Royce alikuwa ameshafungua kamba za ndege. Hakuuliza Denny yuko wapi. Aliuliza mzigo.

Marlys alimwonyesha. Akamwambia Denny amekamatwa.

"Pole sana," Royce alisema. Alitikisa kichwa muda unaofaa. "Basi kiti kipo wazi. Panda wewe. Texas haiwezi kusubiri matanga."

Alisema hivyo huku akimwekea mto kwenye kiti cha nyuma. Mto ulikuwa mdogo. Denny asingeweza kuukalia hata kwa paja moja. Mto ule aliuleta kutoka nyumbani.

"Sawa," Marlys alisema.

Saa 8:09.

Ndege ile haikuwa na stata. Mmoja anakaa mbele kwenye breki na swichi, mwingine anasimama nje na kulizungusha pangaboi la puani kwa mkono. Kwanza huzungushwa mara chache swichi ikiwa imezimwa, injini ivute mafuta. Aliye nje haoni swichi. Anauliza, anajibiwa, anaweka mikono. Hivyo ndivyo walivyofanya babu zao, na hakuna rubani anayeuliza mara mbili.

Royce alimpandisha Marlys kiti cha mbele kwa muda huo, akamwonyesha breki. Akaenda mbele, akatema mate viganjani.

"Swichi?"

Marlys aliitazama. Akaiwasha.

"Imezimwa."

Royce aliweka mikono miwili kwenye pangaboi, akavuta.

Injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Ilinguruma kama imengojea. Marlys alihesabu mpaka tatu, kisha akazima.

Saa 8:15.

Vipaza sauti vikatangaza uwanja umefungwa. Mrukaji wa mwavuli alikuwa anashuka na bendera kubwa, wimbo wa taifa ukaanza. Uwanja mzima ulisimama, kofia vifuani, nyuso juu. Maelfu ya migongo. Hakuna aliyegeuka.

Royce alikuwa amekaa majanini chini ya pua ya ndege. Mkono wa kulia uliishia kwenye kiwiko. Alijaribu kuushika kwa ule wa kushoto, lakini wa kushoto nao haukuwa na vidole.

Marlys alishuka. Mkanda wa suruali ulikuwa kiunoni mwake, na fundi yeyote anajua pa kuufunga ili damu isimame. Hakuufungua.

Royce aliinua uso. Ulikuwa mweupe kama chaki.

"Ulisema imezimwa."

"Na wewe ulisema ana kiti."

Akakaa karibu naye, kiboksi mapajani, mahali ambapo askari wangekiona kwanza mikononi mwake yeye, si mwa Denny. Akangoja wimbo uishe.