Baiskeli Iliyomkaa Mama Pindo

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo. Ukimpelekea suruali ndefu asubuhi, jioni unaikuta imekatwa, imepindwa na imepigwa pasi, na mshono huuoni hata ukiutafuta kwa tochi. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Nguo zikiwa tayari, alizipeleka mwenyewe kwa wateja kwa baiskeli. Aliamini kwamba nguo haijaisha mpaka mwenyewe aivae na fundi aione mwilini.

Mumewe alikuwa mpishi wa shule. Alikuwa mwembamba na mrefu kupita kiasi, ndiyo maana watu walimwita Mlingoti. Mkewe alimfikia kifuani tu. Walitaniana kuhusu urefu tangu siku ya kwanza walipojuana, na utani huo haukuwachosha.

Baiskeli ile aliinunua Mlingoti. Alitaka kumshtukiza mkewe. Akaenda dukani peke yake, akapanda hii, akapanda ile, akachagua iliyomridhisha. Akaileta nyumbani ikiwa na utepe kwenye usukani, na yeye anacheka mpaka jino la mwisho. Mama Pindo alifurahi kweli. Alipopanda, miguu haikufika kwenye pedeli. Mlingoti akakishusha kiti mpaka mwisho, akasema sasa mambo ni safi.

Mambo hayakuwa safi. Miguu ilifika, lakini usukani ulibaki mbali. Mama Pindo akawa anaendesha amejinyoosha mbele, kama mtu anayetafuta kifuniko cha sufuria nyuma ya kabati.

Baada ya muda, ganzi ikaanza. Akirudi kutoka kwa wateja, kidole chake kidogo na kile kinachokifuata vilikuwa vimekufa ganzi, mkono wa kulia na wa kushoto. Shingo nayo ilikaza. Akikaa kwenye cherehani kutunga uzi, uzi ulipita kando ya tundu la sindano. Mshono ukaenda kombo. Akaanza kufumua kazi zake mwenyewe, tena kwa siri, mlango umefungwa. Moyoni alishajitolea hukumu. Alidhani ushonaji ndio umemharibu mikono, na kwamba siku zake za ufundi zinakaribia kwisha. Aliogopa sana, na hakumwambia mtu.

Siku moja jirani yao, muuguzi wa kituo cha afya, akaja na habari njema. Kituo kilitaka sare mpya kwa wafanyakazi wote, na yeye alikuwa amelitaja jina la Mama Pindo. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Badala ya kushangilia, Mama Pindo aliinamisha kichwa akasema hataweza. Muuguzi akavuta kiti, akaketi. Ilibidi aelezwe yote.

"Ganzi inakushika ukiwa unashona, au inakuja kabla hujakaa kwenye cherehani?" muuguzi aliuliza.

Mama Pindo hakuwahi kujiuliza swali hilo. Alifikiri kidogo.

"Siku nisizopeleka nguo," alisema polepole, "sina shida yoyote. Nashona mpaka jioni."

Muuguzi akatoka nje kuitazama baiskeli. Akamwambia apande huku ameshika ukuta. Alipomwona alivyojinyoosha, alitikisa kichwa. Akamweleza kwamba kwenye kiganja unapita mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole vile viwili. Mtu akiulalia usukani kwa uzito wa mwili, mshipa ule unabanwa, na vidole vinakufa ganzi. Ajabu ni kwamba mtu anatafuta ugonjwa kila mahali, asiutafute kwenye kitu anachokipanda kila siku.

Kisha akampa habari ya maonyesho. Mwisho wa wiki, kwenye ukumbi mkubwa wa mjini, wauzaji na watengenezaji wa baiskeli wangekutana. Kulikuwa na meza ya kuwapima watu bure, ununue usinunue. "Nenda na baiskeli yako," alisema, "na viatu unavyoendeshea, na nguo unazovaa ukiwa kazini. Na nenda na mumeo, lakini mwambie ukweli kabla hamjafika. Jibu la sare nitalisubiri mpaka maonyesho yapite."

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Mama Pindo hakuwa mwoga. Alikuwa na uwezo wa kumwambia mteja usoni kwamba nguo ya mwaka jana haimtoshi tena. Lakini kumwambia mumewe kwamba zawadi yake inamuumiza? Akanywea. Alimwambia tu waende maonyesho wakatafute taa ya baiskeli. Mlingoti alikubali mara moja, maana na yeye alikuwa akijiwekea akiba ya kununua baiskeli yake mwenyewe.

Siku ya kwenda, Mlingoti aliendesha na Mama Pindo akakaa nyuma kwenye keria. Njia nzima Mlingoti aliisifu baiskeli kwa ulaini wake. Mkewe aliitikia kwa kuguna.

Ndani ya ukumbi palinukia mpira mpya. Baiskeli zilining'inia darini, zilipangwa ukutani, na nyingine zilisimamishwa juu ya meza kama keki. Zilikuwapo za kubebea mizigo zenye sanduku mbele, za kukunjwa, na za magurudumu matatu kwa watu ambao kusimamisha baiskeli kunawapa taabu. Kila aliyepita alipiga kengele moja, na kelele haikuisha. Mlingoti kichwa kilimvimba. Alianza kuwafafanulia watu asiowajua habari za gia, na wao, kwa adabu, walimsikiliza.

Muuzaji mmoja mwenye maneno mengi akawavuta. Aliwaonyesha baiskeli ndogo nyekundu, akasema mtu mfupi dawa yake ni baiskeli fupi, hakuna hesabu nyingine. Mama Pindo alipanda. Magoti yalikaribia kugonga usukani.

"Inapendeza," Mlingoti alisema.

"Na koti la mtoto linapendeza," alijibu mkewe akishuka. "Lakini silivai."

Meza ya kupimia ilikuwa pembeni, karibu na njia ndogo ya majaribio. Mpimaji alikuwa mama wa makamo mwenye ovaroli na utepe wa kupimia shingoni. Mama Pindo alimpenda mara tu alipouona ule utepe. Mpimaji alimkuta Mlingoti ameishika baiskeli, akamwomba aipande na kuzunguka kidogo. Mlingoti alikiinua kiti, kama alivyofanya asubuhi kabla ya safari kisha akakirudisha walipofika, akaenda na kurudi akiwa amenyooka vizuri.

"Imekukaa hasa, baba," alisema mpimaji. "Ulipimiwa wapi?"

"Si yangu. Ni ya mke wangu. Nilimnunulia zawadi."

Mpimaji alimtazama Mlingoti juu, akamtazama Mama Pindo chini.

"Mlikwenda dukani wote wawili?"

"Ingekuwaje zawadi ya kushtukiza?" Mlingoti alicheka. "Niliijaribu mwenyewe. Nilizunguka duka zima."

Mpimaji hakucheka. Alikishusha kiti, akamwambia Mama Pindo asimame, bomba la juu la fremu likiwa katikati ya miguu yake, nyayo zote chini. Bomba lilimgusa. Mpimaji akaeleza kwamba hapo lazima ibaki nafasi, angalau upana wa vidole vitatu au vinne, ili mtu akisimama ghafla asiumie. Kisha akamwambia aketi na kushika usukani. Mabega ya Mama Pindo yakapanda mpaka karibu na masikio, na viwiko vikanyooka.

"Hebu inua viganja kidogo," alisema mpimaji.

Mama Pindo alijaribu. Mwili wote ukataka kuanguka mbele, akaushika usukani upesi.

"Unaona? Uzito wako unabebwa na mikono. Uzito unatakiwa ukae kwenye kiti na kwenye pedeli. Mikono kazi yake ni kuongoza tu."

Mlingoti akaingilia kati. Alisema shida hiyo alishaitatua siku ya kwanza kwa kushusha kiti, na kama haitoshi, atafute fundi akate nguzo ya kiti kishuke zaidi. Alisema hivyo kwa ujasiri wa mtu anayejua anachosema.

Mama Pindo alipiga moyo konde.

"Mume wangu," alisema, "mtu akikuletea gauni lililompwaya mabega, wewe ukampunguzia pindo, utakuwa umemsaidia?"

"Hapana. Mabega yatapwaya vilevile."

"Basi kiti ni pindo. Shida yangu iko mabegani." Akavuta pumzi. "Mikono yangu inakufa ganzi kwa sababu ya hii baiskeli. Siwezi kutunga uzi. Kazi ya sare za kituo cha afya nilitaka kuikataa."

Mlingoti uso ulimbadilika, akatazama kengele ya baiskeli kana kwamba ndiyo iliyosema.

"Tangu lini?"

"Muda mrefu."

"Na unaniacha naisifu baiskeli njia nzima, wewe umekaa nyuma yangu kimya?"

"Uliileta na utepe," Mama Pindo alisema. "Ulikuwa na furaha vile. Ningeanzia wapi?"

Machozi yalimlengalenga. Mpimaji, mtu mwenye akili zake, alijitia kutafuta spana chini ya meza, na akaitafuta kwa muda mrefu kweli. Mlingoti aliona aibu, kisha akaona huruma, na huruma ikashinda. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya mkewe.

"Mimi zawadi naweza kununua nyingine," alisema. "Mikono yako siwezi. Siku nyingine nikikosea niambie siku hiyohiyo."

Mambo mengine yakawa mepesi. Mlingoti alisema hiyo kubwa ataichukua yeye, aende nayo jikoni shuleni, na akiba aliyojiwekea inunue baiskeli ya mkewe. Mpimaji akapima urefu wa miguu ya Mama Pindo kwa ndani, urefu wa mikono na urefu wa kiwiliwili. Mama Pindo alisimama wima bila kuambiwa, kidevu juu, kama alivyowaamuru wateja wake kila siku. Akaonywa asichague kwa rangi, wala kwa ukubwa wa gurudumu peke yake. Watu wawili wa urefu mmoja wanaweza kuhitaji baiskeli tofauti, kwa kuwa mmoja ana miguu mirefu na mwingine ana kiwiliwili kirefu. Hilo fundi cherehani hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Walijaribu baiskeli kadhaa kwa wauzaji mbalimbali, mpimaji akiwa nao. Moja ilikuwa nzuri lakini usukani ulikuwa chini mno. Nyingine bomba lake la juu lilipanda, na gauni lilikwama. Iliyofuata ilikuwa ya kijani iliyopauka, haina madaha, bomba lake limeshuka chini hata mtu mwenye gauni apande bila shida. Mpimaji alimwambia aweke kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu ukanyooka na nyonga haikuyumba, akasema kiti kimefika mahali pake. Akiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha akausogeza usukani juu na nyuma kidogo, mpaka viwiko vya Mama Pindo vikalegea.

Mama Pindo akaingia njia ya majaribio. Alipofika katikati, aliinua viganja kidogo juu ya usukani. Hakuanguka mbele. Akazunguka tena, na tena, mpaka waliosubiri zamu yao wakaanza kukohoa.

"Ganzi ikiendelea hata baada ya wiki chache," mpimaji alimwambia walipoagana, "usikae nayo nyumbani. Nenda kituo cha afya. Na usishike usukani namna moja safari nzima. Hamisha mikono, pumzika."

Wakarudi nyumbani kila mtu na baiskeli yake, Mlingoti mbele, mkewe nyuma. Taa walisahau kununua.

Kesho yake Mama Pindo alimpa muuguzi jibu la sare. Siku za mwanzo vidole vilikuwa bado na ganzi kidogo, kisha ikapungua, kisha siku moja akagundua kwamba hajaikumbuka tangu asubuhi. Alikwenda kituo cha afya kwa baiskeli ya kijani, akawapima wafanyakazi mmoja mmoja, akarudi, akaketi kwenye cherehani bila kukunjua vidole wala kuvipuliza. Sare zilipokuwa tayari, daktari na mfagiaji walizivaa kwa pamoja kwenye ukumbi wa kusubiria, na Mama Pindo akawazunguka akitafuta kasoro. Alikosa. Wagonjwa wakapiga makofi, na yeye akajifanya anaokota uzi sakafuni ili wasimwone anavyofurahi.

Jioni hiyo Mlingoti alirudi kutoka shuleni, akaiegemeza baiskeli yake ukutani, akasimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa chini ya fremu ya mlango.

"Jumamosi nataka nikununulie viatu," alisema. "Vizuri, vya kwenda navyo kwa wateja wako wakubwa."

"Vya rangi gani?" Mama Pindo aliuliza bila kuacha kushona.

"Sijui. Ndiyo maana nakuambia mapema. Uje, na uje na miguu yako."