Chumba cha Korali Ndani ya Sanduku la Mbabazi

Mvua ya Mbarara haibishi hodi. Iliwakuta watu sokoni ikawasukuma wote chini ya baraza moja: mwenye matoke, mwenye kuku, bibi harusi na wasusi wake, na Parfait wa Misiera, kijiji cha Wakongo katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kijana wa viatu vya ncha na shati la kitenge, aliyevua koti akaifunika kompyuta badala ya kichwa chake.

"Sebo, ingia ndani! Hiyo kompyuta haijui kuogelea!"

Aliyeita alikuwa msichana mrefu, gauni la njano, raba nyeupe, nywele kazinyoa chini kabisa hata uzuri wote ukabaki usoni hauna pa kujificha. Ndiye Mbabazi, mwenye duka la kuhifadhi video za maharusi na makanisa.

"Merci, mama," alisema Parfait.

"Mama? Mimi nilikuzaa lini?"

"Kwetu Kongo ni heshima."

"Hapa ni kunizeesha!"

Baraza zima likacheka. Mvua ikaisha, watu wakatawanyika, Parfait hakuondoka. Alikuwa ameliona ndani ya duka sanduku jeusi lenye taa za kijani, na mikono ya Mbabazi ikipita juu yake kama ya mama anayepima homa.

"Hii sanduku inafanya nini?"

"Ndani kuna diski nyingi. Mimi naziunganisha, zinakuwa kama moja kubwa. Halafu nakata vyumba. Hiki cha maharusi, hiki cha kanisa. Kila mtu anafikiri ana diski yake, kumbe vitu vyake vimegawanywa kwa zote."

"Na moja ikikufa?"

"Zile zingine zinakumbuka. Zinaandika tena kila kitu kwa diski ya akiba."

"Eh! Basi iko sawa na familia ya kwetu Kivu," alisema Parfait, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anatania.

Wiki iliyofuata alileta video zote za korali yao, kwaya ya kanisa la Misiera. Mbabazi akaikatia korali chumba chake, akampa neno la siri la kukifungulia kwa mtandao. Humo ndani ulikuwamo wimbo wa mwisho wa Nabintu, mama yake Parfait, aliyeongoza sauti ya kwanza mpaka alipofariki. Kadi ya kamera ilikwisha kurekodiwa harusi juu yake. Nakala nyingine haikuwapo duniani.

Mapenzi yakapita kwenye simu.

"Mutoto muzuri, umekula?"

"Nimekula karo, ugali wetu wa ulezi."

"Bila miye?"

"Uko Nakivale! Nikutupie?"

Kila Parfait alipokata simu, Misiera nzima ilikuwa imeshajua alichoambiwa. Parfait alimsifu Mbabazi dukani, kanisani, kisimani. Na kwa kuwa kwao kitu kizuri hakiliwi na mtu mmoja, neno la siri aliwapa wanakorali wote. Wakajimwaga. Huyu kaweka ubatizo wa mwanawe, yule mechi za mpira, mwingine picha za mbuzi anaowauza soko la Kikagate. Chumba kikajaa, Mbabazi akakipanua kimyakimya, akidhani ni korali inaimba sana.

Halafu asubuhi moja Parfait akafungua kompyuta na chumba hakipo.

"Amekufuta," alisema Mama Sidonie, kiongozi wa korali, mwanamke ambaye habari haikulala nje ya nyumba yake. "Bana ba mujini bako vile. Amepata mwingine."

Parfait akapiga simu. "Mbabazi, sauti ya mama yangu iko wapi?"

"Nimefunga. Ngoja, nafanya kazi."

"Unafunga bila kusema? Sisi tumezoea kufutwa, lakini si na weye!"

Mbabazi akajibu polepole: "Kama unaweza kufikiri hivyo, basi usinipigie." Simu ikakatika.

Siku tatu Parfait alijifungia ndani. Ya nne Mama Sidonie mwenyewe akamjia. "Vaa. Tunaenda. Kama amefuta, atatuambia kwa macho. Kama hajafuta, tutaomba musamaha. Na musamaha hauombwi na mutu mumoja."

Wakakodi gari la mizigo, korali nzima, vitenge vya sare, manukato ya Jumapili. Walipojazana mlangoni pa duka Mbabazi alikuwa ameketi mbele ya sanduku, macho mekundu, gauni la njano limekunjamana.

"Hapana gusa meza!" alifoka. "Mtu yeyote!"

Wakaganda. Kwenye sanduku taa moja ilikuwa nyekundu.

"Diski imekufa," alisema, bila kumtazama Parfait. "Ya akiba imeingia, zingine zinaiandikia. Ikikufa ya pili kabla hazijamaliza, kila kitu kimeenda. Na watu wako walikuwa wanamimina mbuzi ndani! Kwa hiyo nilificha chumba, sanduku lipumue."

Wanakorali wakatazama viatu vyao.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba labda mama yako amepotea kwangu? Niliogopa. Ningekuangalia na macho gani?"

Parfait akapiga magoti pale pale sakafuni, suruali yake ya pasi na yote. "Neno la siri niliwapa miye. Na maneno ya simu ni yangu. Nisamehe."

"Kaa chini, nyamaza. Bado."

Wakanyamaza, watu wasiojua kunyamaza. Saa sita ya mchana ikapita, jua likahamia ukuta mwingine. Asilimia kwenye kioo ikapanda kwa uvivu, tisini, tisini na tisa, halafu taa ikageuka kijani. Mbabazi akakifungua chumba, akabonyeza.

Nabintu akaimba.

Sauti ilitoka safi, kana kwamba mwenyewe yuko uani anafua. Kwenye kituo cha wimbo, pale alipozoea kupokewa, Mama Sidonie akampokea. Wengine wakafuata, mpaka wapita njia wakajaa barazani. Parfait alilia bila kujifuta.

"Mbabazi," alisema wimbo ulipokwisha, "nataka kukuoa."

"Kwetu msichana haombwi dukani. Unaenda kwa baba, kule kwetu Kakiika, na watu wako."

"Kakiika ni mbali?" akadakia Mama Sidonie. "Batu tuko hapa. Gari iko."

"Leo?"

"Tumevaa bure?"

Mbabazi akawatazama wote walivyojaza duka lake, akaangua kicheko, akamfuta Parfait machozi kwa kiganja. Kisha akachukua simu, akasema kwa Kinyankore:

"Mama, ongeza maji kwenye sufuria. Hapana, si wageni wawili. Tafuta sufuria ya kanisa."