Jina Lililofumuliwa

Asubuhi ile fundi cherehani alikuta jina lake limefumuliwa kwenye aproni. Halikuchanika. Lilifumuliwa herufi baada ya herufi, na nyuzi nyekundu zikapangwa vizuri juu ya meza. Akawalaumu panya, akalidarizi upya. Mchana likafumuliwa tena, na chumba kizima kikanuka maziwa yaliyochacha.

Siku ya tatu mwanawe mchanga, msichana wa miezi mitano kasoro siku moja, akagoma kunyonya. Alikodoa macho kwenye kona ya cherehani, na kutoka kona hiyo, saa saba ya mchana, jua kali nje, ikasikika sauti ya uzi ukikatwa, ta, ta, ta, kisha kanyagio likaanza kupanda na kushuka bila mguu juu yake, likazidi kasi mpaka meza ikatetemeka, na chini ya meza ikasema sauti nyembamba, ya mtu asiyezoea kusema: "Toka kwenye jina langu. Usipotoka, namchukua huyu."

Akamnyakua mtoto, mbio mpaka kwa mama yake, mtaa wa pili.

"Mama, hili jina langu ni la nani?"

Mama alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama. "Nani amekwambia?"

"Wewe ndiye ulipaswa kuniambia!"

Ikabidi aseme, kwa kunong'ona. Kabla yake alizaliwa binti mwingine, akafa akiwa na miezi mitano. Mwaka uliofuata akazaliwa yeye. Baba yao, Mungu amsamehe maana mimi ninayesimulia siwezi, aliona uvivu kurudi kupanga foleni ofisini. Cheti cha kuzaliwa kipo, jina lipo, ya nini kuhangaika? Wakampa mtoto hai karatasi ya maiti. Yule wa kwanza hakutajwa tena, hata kwenye dua.

"Miaka thelathini naishi kwa cheti cha marehemu, na wewe unanitazama tu? Mna roho gani nyie?"

"Baba yako alisema haina madhara, mwanangu."

"Mtazame mjukuu wako! Haina madhara?"

Wakarudi pamoja. Fundi akalidarizi jina kwenye kitambaa cheupe, akakiweka pamoja na cheti chini ya meza. "Chukua, ni lako. Walikudhulumu. Niachie mwanangu."

Kanyagio likasimama. Harufu ikakatika. Mtoto akalia, akashika ziwa, akanyonya.

"Na wewe," fundi akamwambia mama yake, "usiniite tena jina hilo. Hata mara moja."

"Sitasahau, mwanangu. Naapa."

Mama akaenda jikoni kuchemsha maji. Haikupita muda, akamwita binti yake kwa jina lile lile, sauti ya kawaida kabisa, amwambie kiberiti kiko wapi.

Fundi akaziba mdomo kwa kiganja asiitike. Mtoto aliachia ziwa, akageuza shingo kuelekea jikoni.

"Abee, mama," akaitika.