Mzizi Uliofanana na wa Kwao

Clémentine ni fundi cherehani mtaa wa Rosettenville, Johannesburg. Alikulia Likasi, nchini Kongo. Huko mama yake alichimba dawa kwenye misitu mikavu ya nyanda za juu. Clémentine alikumbuka mzizi mmoja wa kutuliza tumbo.

Asubuhi moja, mwanawe Gradi, wa miaka minne, aliumwa tumbo. Clémentine alikwenda kwa wauza dawa za miti, akaona mzizi mkavu uliofanana na ule wa kwao. Aliuchemsha, akampa mtoto kikombe kimoja.

Mchana Gradi alianza kutapika. Kisha akalegea. Mama yake alipomwita, alifungua macho kidogo tu.

"Labda dawa haikutosha," Clémentine alijiambia. Akamimina nyingine.

Wakati huo jirani yake Saida, Mtanzania, alikuja kuchukua gauni. Saida alikuwa mhudumu wa afya katika kliniki ya mtaa. Alimgusa Gradi shavuni.

"Mama Gradi, mtoto amekula nini?"

"Amekunywa dawa ya kwetu tu."

"Usimpe tena. Wala usimlazimishe kutapika. Mzizi uliobaki uko wapi? Twende nao hospitali."

Ndani ya teksi, Clémentine alisema kwa sauti ndogo, "Dada Saida, tusiseme habari ya mzizi. Watasema nimemlisha mtoto sumu. Watamchukua. Sisi ni wageni hapa."

"Usiposema, daktari atabahatisha. Hapa kuna mzizi unaitwa impila. Watu wanautumia kama dawa, lakini unaweza kuharibu ini na figo. Sijui kama ndio huo. Na wewe hujui."

Clémentine alimkumbatia mwanawe. Gradi alikuwa mzito kifuani pake, na ngozi yake ilikuwa ya baridi.

Hospitalini nesi aliuliza, "Amepewa dawa yoyote?"

Clémentine alisita. Halafu akatoa mzizi kwenye mkoba. "Nimempa huu. Kikombe kimoja, asubuhi."

Nesi hakumgombeza. Alimwita daktari haraka. Walipima damu, wakakuta sukari imeshuka sana. Gradi akatundikiwa dripu.

"Umefanya vizuri kusema," daktari alimwambia. "Sasa tunajua tuangalie nini."

Walilipima ini la Gradi mara nyingi. Baba yake, Lambert, alikuja na sare zake za kazi ya ulinzi, akakaa kando ya kitanda. Siku zilipita. Mwishowe Gradi aliomba ugali wa huko: "Mama, nataka pap." Lambert alifunika uso kwa kofia, akalia.

Waliporudi nyumbani, Clémentine alimuuliza Saida, "Basi niache dawa zote za kwetu?"

"Sijasema hivyo," Saida alijibu. "Mama yako aliuona mti wenyewe, majani na maua. Wewe uliona mzizi mkavu tu. Usimpe mtoto kitu usichokijua. Uliza kliniki kwanza. Na kama umeshampa, sema mapema."

Jumapili, baada ya ibada, Clémentine aliwasimulia akina mama wenzake yote, hata woga wake wa kusema. Walipotawanyika, mama mmoja alibaki. Binti yake alikuwa amelala kwenye benchi.

"Wangu naye anatapika," alisema taratibu. "Nilimpa mizizi jana. Hiyo hospitali iko wapi?"

"Chukua mizizi iliyobaki," Clémentine alisema. "Nawapeleka sasa hivi."