Droni Iliyodanganywa na Chuma

Uani kwao hakukuwa na kimya. Upande mmoja mchomeleaji alitengeneza milango na madirisha ya chuma. Upande wa pili mkewe, mkunga, aliendesha zahanati ndogo. "Huku cheche, huku vichanga!" majirani waliwatania. Wenyewe walicheka tu.

Zahanati ilikuwa na droni, ndege ndogo isiyo na rubani. Ilivuka bonde na kuleta dawa kutoka hospitali kubwa. Mkunga alifundishwa kuirusha, na ilikuwa haijawahi kumwangusha. Kisha mumewe akapata kazi ya kutengeneza mageti makubwa. Akarundika vyuma pale pale droni ilipokuwa ikipaa.

Asubuhi moja dada wa mchomeleaji alijifungua hapo mtoto wa kike. Mtoto alilia kwa nguvu. Lakini mama yake alitokwa na damu nyingi mno. Mkunga alimchoma sindano, akamkanda tumbo. Damu ikapungua, ila midomo ya wifi yake ilikuwa imepauka. Alihitaji kuongezewa damu upesi, na daraja lilikuwa limechukuliwa na mafuriko.

"Damu ya kundi lake tunayo," hospitali walisema kwenye simu. "Tuma droni!"

Mama mkwe wake alikuwa amekuja kumhudumia binti yake; mkunga akamwacha amwangalie mgonjwa, akakimbilia uani. Droni ikapaa. Badala ya kushika njia, ikaanza kuzunguka. Duara dogo, duara kubwa, nusura igonge paa! Akaishusha haraka.

"Imelewa hii?" mumewe alisema. "Dada yangu anakwisha, mke wangu!"

"Msiirushe tena hapo!"

Alikuwa jirani yao, mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi wa kikosi cha makombora. Mtaa mzima ulimwita Babu Kombora. Alikuja mbio, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi.

"Babu, hili si kombora," mkunga alisema.

"Najua! Lakini vyote vinatafuta njia kwa namna moja. Chombo kinachojiongoza kinajiuliza: Niko wapi? Nakwenda wapi? Nimepotoka kiasi gani? Kisha kinajirekebisha. Kinafanya hivyo tena na tena, kufumba na kufumbua."

"Kinajuaje kilipo?"

"Ndani kina vifaa vinavyohisi kila mwendo na kila mgeuko. Ni kama wewe unavyotembea chumbani taa zikizimika. Unajua ulipoanzia na ulipokata kona. Lakini kosa dogo huzidi kukua njiani. Kwa hiyo kinapokea pia ishara za setilaiti kutoka angani, kinajisahihisha."

"Sasa yetu ina nini?"

"Inajua ilipo. Haijui imeelekea upande gani." Akaonyesha rundo la vyuma. "Dira yake hufuata usumaku wa dunia. Chuma hiki kinaidanganya. Inageukia upande usio sahihi, inajirekebisha, inakosea tena. Ndiyo maana inazunguka."

Mchomeleaji alishika kichwa. "Kumbe ni mageti yangu!"

"Lawama baadaye. Beba!"

Wakakimbia hadi uwanja wa mpira. Hapakuwa na chuma karibu. Mkunga aliishika droni, akaizungusha polepole, kwanza ikiwa imelala, kisha pua ikitazama chini, ili dira ijipime upya. Taa ya kijani ikawaka.

Droni ikapaa, ikanyooka kuelekea bondeni. Upepo ukaisukuma kando. Ikainama, ikarudi kwenye njia yake.

"Ona! Imejirekebisha yenyewe!" mchomeleaji alipiga kelele, akamkumbatia mzee nusura amwangushe.

Haikuchukua muda, mlio wake ukasikika tena. Ilitua mbele yao na mfuko wa damu. Mkunga aliunyakua, akakimbia kama msichana.

Jioni wifi yake alifumbua macho. Wakamsimulia yote.

"Kaka," alinong'ona, "ulitaka kuniua kwa geti?"

Mchomeleaji akacheka huku machozi yanamtoka.

Kesho yake alihamishia vyuma vyote nyuma ya karakana, mbali. Tangu hapo droni ilirushwa uwanjani tu, na kila mara mkunga aliipima dira kwanza. Haikuzunguka tena.

Siku ile ile vyuma vilipohamishwa, Babu Kombora alikuja kumwona mtoto. Alimpakata kwa uangalifu, akamtazama sana.

"Nimerusha vyombo vingi maishani," alisema. "Vyote niliombea visimfikie mtu. Hiki cha jana ndicho cha kwanza nilichoombea kifike."