Nukta Tano

Jumamosi zetu zilinukia mafuta ya taa. Baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Taratibu, alifungua karakana saa moja asubuhi, nami nikajaza karai la kuoshea vyuma. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mpaka leo nikisikia harufu ile, moyo wangu hurudi palepale.

Jumamosi moja tulifumua injini ya basi la shule yetu. Chini ya bloku, yaani mwili wa injini, vifuniko vitano vya chuma hushikilia kranki, ule mhimili mzito unaozunguka. Vinafanana kama mapacha, lakini kila kimoja kimechongwa pamoja na mahali pake; kikihamishwa, kranki hubana. Kwa hiyo kabla ya kuving'oa hugongwa nukta: cha kwanza moja, cha pili mbili, hadi tano. Kazi hiyo ilikuwa yangu.

Baba alilegeza boliti, akaniachia nyundo. Nje, wenzangu walikuwa wakiniita mpirani. Kwa haraka nilisahau nukta, nikaving'oa vifuniko na kuvitosa vyote karaini. Vilipotakata, sikujua kipi ni kipi. Nikakisia, nikagonga nukta, nikatoka mbio.

Jumatano Baba alimaliza kuchonga bloku. Alirudisha kranki, akaweka vifuniko kwa kufuata nukta, akakaza boliti. Kranki ikagoma kuzunguka. Akalegeza, akakaza tena. Wapi!

"Kulikoni, fundi?" aliuliza dereva wa basi. "Watoto wanatembea kwa miguu siku ya tatu sasa."

"Nadhani nimekosea kuchonga," Baba alijibu, akitazama viganja vyake. "Mkono umeanza kuzeeka. Acha nimwite fundi mwingine aichonge upya."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

"Baba, mkono wako hauna kosa," nilisema, machozi yakinilengalenga. "Nukta zile ni za kubahatisha. Nilizigonga baada ya kuosha."

Dereva alikohoa, akakumbuka ghafla kwamba ana kiu, akatoka.

Baba hakupiga kelele. Alivuta stuli mbili, tukavijaribu vifuniko kimoja kimoja mpaka jioni. Mwishowe akasukuma kranki kwa mkono mmoja, nayo ikazunguka laini. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akanipa tupa nifute nukta za uongo, na nyundo nigonge za kweli.

"Kusahau ni kosa dogo, mwanangu," alisema. "Ungeniambia siku ileile, tungemaliza na mpira ungeuwahi. Lakini uligonga uongo kwenye chuma, mimi nikauamini, nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Ukikosea, sema mapema, mwenzako asije akajilaumu kwa kosa lako."

Siku hizi karakana ni yangu, na Baba hayupo tena. Juzi injini ile ilirudi. Nilipoosha vifuniko niliona mikwaruzo ya tupa, na kando yake nukta zangu, moja hadi tano. Nilikaa kwenye stuli yake nikalia kidogo. Kisha nikamwita binti yangu, nikamsimulia yote, ndipo nikampa nyundo.